Diski ya Kuwashia Ikifa, Msiguse Zile Nyingine

Hotuba kwa mafundi wa kompyuta na wenye seva za nyumbani, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada, na mafundi wa Ngamiani mliofunga vibanda mapema ili mfike, karibuni. Feni hizi haziliwezi joto la Tanga, kwa hiyo sitazunguka.

Seva nyingi za majumbani hapa mjini ni kompyuta za ofisi za mtumba zilizoongezewa diski mbili, tatu au nne. Ndani yake mna picha za harusi, rekodi za taarab, mahesabu ya duka, hati za viwanja zilizoskaniwa. Umeme unakatika, unarudi, mashine inawashwa, na kwenye skrini nyeusi unatokea mstari mmoja tu: hakuna kifaa cha kuwashia. Mwenye seva anashika kichwa, anaona kila kitu kimekwenda.

Mara nyingi hakuna kilichokwenda. Seva iliyopangwa sawasawa ina diski za aina mbili. Moja ni ndogo, SSD (diski isiyozunguka) ya GB 120, au fleshi, au kadi ya memori, nayo kazi yake ni kubeba mfumo endeshi. Zile kubwa ndizo zenye data. Karani wa bandari akifariki, robota za mkonge ghalani hazifi pamoja naye. Kinachokosekana ni daftari lake na funguo zilizokuwa mfukoni mwake. Leo nataka tuzungumzie daftari hilo na funguo hizo, na pia mikono inayobomoa ghala kwa pupa ya kutaka kuingia. Data nyingi hazifi siku diski ya kuwashia inapokufa. Hufutwa kesho yake, na mtu aliyekuja kuziokoa.

Kwanza, hakikisheni imekufa kweli. Hapa naomba tukae kidogo, maana vifo vya uongo ni vingi.

Kwenye madabodi, ubao mkuu wa kompyuta, kuna betri bapa ya duara, CR2032, ya volti 3. Kompyuta ya mtumba iliyokwisha tumika miaka minane kwingine huja na betri iliyochoka. Umeme ukiwepo hamtaona dalili. Ukikatika usiku kucha, BIOS, programu ndogo ya madabodi inayoiamsha mashine, inasahau saa, inasahau diski ipi iwashwe kwanza, na inasahau namna ya kuzisoma diski za SATA, yaani zile zinazounganishwa kwa kebo ndani ya mashine. Hili la tatu ndilo linalopoteza watu: mipangilio ya kiwandani ya baadhi ya mashine ni RAID (kuunganisha diski kadhaa ziwe kundi moja), wakati mfumo wenu uliwekwa kwenye AHCI (kuzisoma moja moja). Ikirudi RAID, SSD iliyo nzima inaweza isionekane kabisa. Ingieni BIOS mtazame tarehe. Ikiwa inasema 1 Januari ya mwaka ambao hata mashine hamjainunua, wekeni betri mpya, rudisheni AHCI, pangeni upya diski ya kwanza, sahihisheni saa. Dawa hiyo ni ya bei ndogo kuliko nauli ya kumfuata fundi.

Mashine za UEFI, yaani BIOS ya kisasa, zina jambo jingine juu ya hilo. Madabodi huhifadhi yenyewe kumbukumbu ya njia ya kuwashia, kwa jina kama "debian" au "ubuntu". Kumbukumbu ile ikifutika, SSD inaonekana kwenye orodha ya diski lakini haimo kwenye orodha ya kuwashia. Haijafa. Washeni kwa fleshi ya uokoaji, nitakayoieleza mbele, andikeni njia upya kwa amri ya `efibootmgr`, au wekeni nakala ya faili la kuwashia kwa jina BOOTX64.EFI ndani ya folda ya EFI/BOOT, mahali ambapo madabodi hutafuta ikikosa maelekezo mengine.

Kuna na waya. Hewa ya chumvi inayokula bawaba za madirisha kule Raskazone inakula pia pini za SATA. Chomoeni kebo ya data na ya umeme, mchomeke tena mara mbili tatu, kisha mjaribu kebo nyingine. Diski ikisomeka, endesheni `smartctl -a`, amri inayosoma ripoti ya afya ya diski, mtazame namba 199. Namba hiyo huhesabu makosa ya usafirishaji kati ya diski na madabodi, na ikipanda, wa kwanza kushukiwa ni kebo. Paawa saplai msiisahau: diski kubwa ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta ampea 2 kwenye laini ya volti 12. Diski nne kwa pamoja ni ampea 8, karibu wati 96, kwa sekunde chache. Paawa saplai iliyozeeka inayumba wakati huohuo, na kuyumba huko kunaweza kuidhuru SSD.

Mkishabadilisha betri, kebo na tundu, na SSD bado haionekani kwenye BIOS, au inaonekana kwa jina la ajabu na ukubwa usio wake, hapo kubalini. Imekufa.

Sasa zimeni, mchomoe waya ukutani. Kabla hamjachomoa diski hata moja, pigeni picha kwa simu, kisha bandikeni kipande cha plasta juu ya kila diski, na kwa maka peni muandike namba ya tundu na herufi nne za mwisho za namba ya utambulisho wake. Programu za leo hazijali diski iko tundu lipi. Nyinyi ndio mtakaojali saa sita usiku, mkiwa na diski nne za rangi moja mezani. Ile iliyokufa itoeni, muitunze. Msiitupe, nitaeleza kwa nini.

Kisha tengenezeni fleshi ya uokoaji kwenye kompyuta nyingine. Ya GB 8 inatosha, kwa kutumia Rufus au Ventoy, programu za kuandaa fleshi ya kuwashia. Kwa kazi nyingi SystemRescue, Linux ya uokoaji, inafaa. Kama seva ilikuwa ya ZFS, mfumo wa faili unaounganisha diski kadhaa kuwa kundi, tumieni Ubuntu, aina nyingine ya Linux, kwa sababu moduli ya ZFS imo tayari ndani yake. Mkiwasha Ubuntu chagueni kujaribu, msichague kusakinisha. Kitufe cha kusakinisha kiko palepale na hakijui kwamba diski ya TB 4 iliyo mbele yake ina harusi za watu.

Na Windows? Fundi wetu akiletewa diski, jambo la kwanza ni kuichomeka kwenye laptopu yake ya Windows. Windows haijui ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, haijui ZFS, haijui RAID ya Linux. Inaona diski ngeni na kuuliza kwa adabu: ianzishwe? Iformatiwe? Anayejibu ndiyo ameanza kufuta. Wengine husema, "Nimeanzisha tu, sijaformati, kwa hiyo hakuna ubaya." Ubaya upo, na unapimika. Jedwali la GPT, orodha ya partisheni, yaani mafungu ya diski, hukaa kwenye sekta 34 (vipande vya baiti 512) za mwanzo wa diski, kuanzia 0 hadi 33. Kichwa cha RAID ya mdadm, yaani RAID ya Linux, muundo wa 1.2, kinaanza kilobaiti 4 kutoka mwanzo, yaani sekta ya 8. Kama RAID ilitengenezwa juu ya diski nzima bila partisheni, kubonyeza huko mara moja kunafuta kitambulisho cha diski kwenye RAID. Zipo hata madabodi ambazo, zikikuta mabaki ya GPT ya zamani mwishoni mwa diski, huyarudisha mwanzoni zenyewe kwa nia ya kurekebisha, bila kumuuliza mtu. Ndiyo maana ni heri RAID ijengwe juu ya partisheni kuliko juu ya diski tupu.

Tuko kwenye Linux ya fleshi. Amri ya kwanza haiandiki kitu: `lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,LABEL,SERIAL`. Linganisheni namba na plasta zenu, kisha msome safu ya FSTYPE. Hapo ndipo diski inajitaja. Ikiandika linux_raid_member ni mdadm, zfs_member ni ZFS, LVM2_member ni LVM (diski zilizounganishwa kisha kugawanywa upya), crypto_LUKS imefungwa kwa ufunguo. Ikiandika ext4, xfs au btrfs, mna bahati, ni mfumo wa faili wa wazi.

Kabla ya kufungua, pitieni afya ya kila diski kwa `smartctl`: namba 5, 197 na 198. Zote tatu zikiwa sifuri, endeleeni. Ya 197 ikiwa na makumi au mamia, diski hiyo ya data nayo ni mgonjwa. Msiisome faili kwa faili, nakilini kwanza diski nzima kwa `ddrescue` kwenda diski nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi, na msisahau faili la ramani. Ramani ndiyo inayoiwezesha `ddrescue` ianzie ilipoishia umeme ukikatika katikati, na hapa kwetu utakatika.

Kwa ext4 iliyo peke yake, fungueni kwa kusoma tu: `mount -o ro,noload /dev/sdb1 /mnt`. Neno noload linazuia mfumo kucheza tena jarida lake (kumbukumbu ya maandishi yasiyokamilika), maana hata ro peke yake inaweza kuandika kidogo kumalizia kazi iliyokatizwa. Kwa xfs neno ni norecovery. Mliotumia mergerfs au Unraid, zinazoonyesha diski nyingi kama moja, hamna kazi kubwa, kwa sababu kila diski ya data ina faili kamili ndani yake na inafunguka peke yake. Wa Unraid wawe macho na jambo moja: diski ya pariti, ile ya hesabu za kurejesha diski iliyokufa, haina mfumo wa faili. Fleshi mpya ya Unraid isiyojua mpangilio wa zamani itawauliza ipi ni pariti, na mkiiweka diski ya data kwenye nafasi hiyo, itaandikwa juu yote. Isiyokuwa na mfumo wa faili ndiyo pariti. Kama hamna uhakika, acheni nafasi hiyo wazi.

mdadm. Fleshi nyingi huikusanya zenyewe zikiwaka, mtaiona kwenye `/proc/mdstat` kwa jina md127. Jina limebadilika, msishtuke. Isipojikusanya, endesheni `mdadm --examine` kwa kila mwanachama, muandike kwenye karatasi: UUID (kitambulisho cha kundi), aina ya RAID, idadi ya diski, nafasi ya kila moja, na Events. Events ni hesabu ya matukio, na ndiyo ya kutazamwa kwa makini. Diski zote zikiwa na hesabu moja, `mdadm --assemble --scan --readonly` inatosha. Moja ikiwa nyuma kidogo, umeme ulikatika wakati wa kuandika, na `--force` inaweza kuikubali. Ikiwa nyuma kwa maelfu, diski hiyo ilishatoka kwenye kundi siku nyingi bila mtu kujua. Iacheni nje, RAID 5, inayovumilia kukosa diski moja, itafunguka bila hiyo. Kuna neno moja ambalo usiku ule halina kazi kabisa: `--create`. Wako watu watakaowaambia mkiunda upya kwa mpangilio uleule data zitarudi. Zinaweza kurudi, kama mpangilio wa diski, ukubwa wa vipande na mahali data inapoanzia vyote ni vilevile vya zamani. Kimoja kikipishana na RAID ikaanza kujilinganisha, mnaandika takataka juu ya data. Anayejua kufanya hivyo hufanya juu ya nakala, hagusi diski zenyewe.

ZFS ni rahisi kuliko inavyosemwa. Kila diski ina lebo nne, mbili mwanzoni na mbili mwishoni, na ndani yake mna maelezo ya kundi lake. `zpool import` bila jina inaorodhesha inachokiona. Kisha `zpool import -f -o readonly=on -R /mnt` na jina la kundi. Bila -f itakataa, ikisema kundi lilitumiwa mwisho na mashine nyingine. Ni kweli, mashine ile ndiyo maiti iliyoko mezani. Mkishafungua, mtashawishika kufuata ushauri wa kwenye skrini wa kupandisha toleo kwa `zpool upgrade`. Msiufuate. Mkipandisha, mfumo wenu wa zamani unaweza ushindwe kulisoma kundi hilo.

Nimesema karani aliondoka na daftari na funguo. Tuanze na funguo, kwa sababu hapo hakuna msamaha.

Watu wengi hufunga diski za data kwa LUKS, ufungaji wa siri wa Linux, kisha ili wasiandike neno la siri kila umeme unaporudi, wanaweka faili la ufunguo kwenye diski ya kuwashia, mahali kama /root, na kulitaja ndani ya /etc/crypttab, orodha ya diski zilizofungwa. Diski ya kuwashia ikifa, ufunguo umekwenda nayo. Kama mlipofunga mliweka pia neno la siri la kuandika, mko salama: LUKS2 ina nafasi 32 za funguo na LUKS1 ina 8, na neno lenu linakaa kwenye mojawapo. Kama mliweka faili peke yake na nakala hamna, hakuna fundi wa Tanga, wala wa Dar, wala wa nchi yoyote atakayefungua. Mwenye seva inayofanya kazi leo aifanye kazi hii akifika nyumbani: `cryptsetup luksAddKey` kuongeza neno la siri, halafu `cryptsetup luksHeaderBackup`. Nakala ya kichwa cha LUKS2 ni kama MB 16 tu. Iwekeni nje ya seva. Wa ZFS iliyofungwa kwa faili la ufunguo, hukumu ni hiyohiyo.

Daftari ni hifadhidata. Nextcloud, programu ya kuhifadhi na kugawana faili, huacha faili zenu wazi kwenye folda ya kila mtumiaji, lakini kalenda, anwani na nani kagawiwa nini vimo kwenye hifadhidata, ambayo kwa kawaida iko /var/lib kwenye diski ndogo. Bila hiyo mtapata picha na hati zote, na `occ files:scan --all` itazitambua upya. Albamu za kugawana hazirudi. Immich, programu ya picha, kwa matoleo ya karibuni huandika nakala ya hifadhidata yake kila usiku kwenye folda ya backups iliyo pamoja na picha, basi tafuteni huko kabla ya kulia. TrueNAS, mfumo endeshi wa seva za kuhifadhia, nayo huhifadhi nakala za mipangilio yake kila siku ndani ya .system, na kama sehemu hiyo iliwekwa kwenye kundi la data, iko hai. Mkipata faili mbichi za PostgreSQL, aina ya hifadhidata, kumbukeni faili za toleo la 13 hazifunguki na toleo la 15. Sakinisheni toleo lilelile, toeni kwa `pg_dump`, ndipo mhamie jipya.

Ndiyo sababu ya kutotupa SSD iliyokufa. Nyingine huonekana tena kwenye mashine nyingine, au hubaki zikisomeka bila kukubali kuandikwa. Mara tu ikionekana, `ddrescue -d -n` kwanza, kupata sehemu rahisi kabla haijabadili nia, kisha `-d -r3` kurudia zilizogoma. Mnachokitaka humo ni kidogo sana: /etc, /root, /var/lib na ratiba za cron, yaani kazi zinazojiendesha kwa saa.

Kunakili nje kunahitaji hesabu. TB 4 kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde ni saa 11. Kwa USB 2, inayotoa kama MB 35, ni karibu saa 32. Angalieni tundu, la USB 3 mara nyingi lina rangi ya buluu. Tumieni `rsync -aHAX --partial`, ili ikikatika iendelee. Diski ya kupokelea iwe ext4. Mkinakili kwenda exFAT (mfumo wa faili wa fleshi nyingi), wenye faili na ruhusa zao hupotea, na FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, yaani video ya harusi.

Kusakinisha mfumo mpya ni kazi fupi, ila ifanyeni na diski za data zikiwa zimechomolewa, kebo zote. Mfumo ukishawaka, zimeni, mrudishe diski. Mkikuta faili zote zinakataa kufunguka, si kwamba zimeharibika. Linux huandika mwenye faili kwa namba, si kwa jina. Mtumiaji wa kwanza kwenye Debian au Ubuntu ni 1000, wa pili 1001. Kama zamani Asha alitengenezwa kabla ya Juma na safari hii mmeanza na Juma, Juma amerithi faili za Asha. `ls -ln` itawaonyesha namba. Tengenezeni watumiaji kwa zile za zamani. Na kwenye /etc/fstab, orodha ya diski za kufunguliwa seva inapowaka, tajeni diski kwa UUID, muongeze nofail, ili siku diski ya data ikigoma seva iwake hata hivyo.

Nimeletewa maswali mawili kwenye karatasi.

La kwanza: diski ya data inapiga kelele ya kugonga, je, niifungue nisafishe? Usiifungue hata kidogo. Izime sasa hivi. Kugonga ni kichwa cha kusomea kinachotafuta njia na kukosa, na kila dakika inayopita kinaweza kukwangua. Ikibidi iende Dar kwa wataalamu, izungushie sponji kila upande ndani ya boksi gumu, isafiri mapajani mwa mtu. Kilomita 350 kwenye buti la basi si safari ya diski.

La pili ni la dada wa studio: diski yake ilikuwa kwenye kava la USB, kava likaungua, akaichomeka moja kwa moja kwenye SATA, na partisheni zote hazionekani. Dada yangu, baadhi ya makava hudanganya ukubwa wa sekta. Diski yenyewe hujionyesha kwa sekta za baiti 512, kava likaionyesha kwa 4096, na jedwali la partisheni likaandikwa kwa hesabu ya kava. Kwenye SATA hesabu hiyo haisomeki. Usikubali iformatiwe na usiruhusu programu yoyote iirekebishe. Tafuta kava la aina na modeli ileile, hata la mtumba, uirudishe humo. Ikionekana, nakili kila kitu kwenda diski nyingine, na baada ya hapo ndipo uitengeneze upya nje ya kava.